Darasa la Ramadhani, Siku ya 12: Kijana wa simu

 

Juzi baada ya tarawehe nilifungua kundi letu la mtaani nikakuta video. Kijana kafungwa kamba, anaambiwa kaiba simu, anachapwa nyayo kwa waya. Chini watu wameweka alama za kucheka. Niseme ukweli: niliitazama mpaka mwisho, nikaendelea na mambo yangu. Kitandani ndipo nikajiuliza, mbona sikushtuka?

Abu Dawud amepokea kisa cha sahaba Nu'man bin Bashir (R.A.). Watu waliibiwa mali, wakawatuhumu wafumaji fulani. Nu'man akawaweka ndani siku kadhaa, kisha akawaachia. Wenye mali wakamjia juu: vipi unawaachia bila kipigo? Akawapa sharti. Mkitaka, nitawapiga. Mali ikionekana kwao, sawa. Isipoonekana, nitatoa kiasi kile kile kwenye migongo yenu. Akawaambia hiyo ndiyo hukumu ya Allah na Mtume wake ﷺ. Abu Dawud anaeleza kwamba alitaka kuwatisha tu.

Waangalieni hao walalamikaji. Ni watu wameibiwa, kama mimi na wewe, wana uchungu na mali yao. Ila kwao kipigo kilishakuwa sehemu ya kuuliza maswali. Wangapi kati yetu wangelikubali sharti la Nu'man?

Na kipigo hakitoi ukweli. Ammar bin Yasir (R.A.) aliteswa Makka mpaka akatamka neno la kufuru huku moyo wake umetulia katika imani. Aya ya 106 ya Surat an-Nahl ikampa udhuru. Kama mateso yalimtoa Ammar neno lile, yatashindwaje kumtoa kijana wa mtaani neno "nimeiba"?

Mtasema, huyo ni mwizi kweli. Haya, tuseme ni kweli. Katika Sahih Muslim, Hisham bin Hakim (R.A.) aliwakuta wakulima wa Sham wamesimamishwa juani kwa ajili ya kodi. Hakuanza kuuliza kama wanadaiwa kweli. Alieleza alivyomsikia Mtume ﷺ akisema kuwa Allah atawaadhibu wanaowatesa watu duniani, akaingia kwa amiri kumwambia, nao wakaachiwa. Hata Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa, awe mtuhumiwa au mfungwa.

Jana asubuhi chuoni nikawakuta watoto wa juzuu amma wanacheza. Mmoja kalala chini miguu juu, wenzake wanamchapa kwa kandambili. Nikamuuliza mkubwa wao, mnafanya nini? Akanijibu bila wasiwasi: "Ustadhi, tunamhoji."

Mliohifadhi ile video, ifuteni kabla ya futari. Na wewe uliyeirusha, umo humu, sikutaji jina. Nitakupigia leo baada ya tarawehe. Nataka unieleze yule kijana yuko wapi, na kama kuna aliyempeleka hospitali.