Mzigo wa Pagazi na Mzigo wa Lori

Wanachama wenzetu, kila msimu wa karafuu ukikaribia husikika swali moja: lori hili lachukua magunia mangapi? Wengi wetu hujibu kwa macho. Nafasi ikionekana, gunia jingine hupandishwa. Springi zikiinama, mtu husema bado kidogo. Somo letu la safari hii ni juu ya uzito, nasi tutalianzia mbali, Urambo, magharibi ya Tabora, maana watu wa njia ile walilijua jambo hili kabla ya kuzaliwa motokari.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani mpaka Tabora, kisha ikashika njia za kwenda Ujiji, karibu na nchi aliyoitawala Mtemi Mirambo wa Urambo mpaka alipofariki mwaka 1884. Bidhaa zilikwenda mabegani na vichwani mwa watu. Kipimo kilikuwa frasila, ile ile waliyopimia karafuu wazee wetu, yaani ratili 35, karibu kilo 16. Mzigo wa pagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kama frasila mbili. Lakini tusidhani kwamba mtu yule alibeba frasila mbili tu. Juu ya mali ya tajiri alikuwa na mkeka wake, chungu chake, posho yake na silaha yake. Tajiri aliyesahau vitu hivyo akaongeza nguo kidogo na shanga kidogo, aliamka asubuhi akakuta mzigo upo na mchukuzi hayupo. Na pembe ya ndovu iliyopita kiasi ilifungwa kwenye mti, wakaichukua watu wawili.

Mwaka 1874 Stanley alileta Unguja mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vitano ili ibebwe na watu. Agizo lake lilikuwa kwamba kipande kimoja kisizidi ratili 120. Ilipopimwa hapa Unguja, vipande vinne vilikuwa na ratili 280 kila kimoja, na cha tano ratili 310. Karatasi ilisema neno moja, mizani ikasema jingine. Stanley hakuandika hesabu mpya akaondoka. Alimtafuta fundi seremala, jina lake Ferris, naye akaipunguza mashua upana na kuvigawa vile vipande vizito vipate kuchukulika. Ndivyo mashua ile ilivyofika Nyanza mwaka 1875, na mwaka uliofuata, katika safari ya kwenda Ujiji, msafara wake ukakutana na Mirambo mwenyewe kwa amani.

Sasa turudi kwenye lori. Gari la mizigo lina kibao cha mtengenezaji, na juu yake pameandikwa uzito wa mwisho: gari, watu, mafuta na shehena, vyote pamoja. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuuchukua uzito wa kibao kuwa ndio uzito wa mzigo. Tuchukue mfano. Kibao chasema kilo 7,500. Lori tupu ni kilo 4,300. Zimebaki kilo 3,200, na mwenye haraka atasema magunia 64 ya kilo 50. Ngoja kwanza. Dereva na matingo wawili, kilo 210. Mafuta lita 100, kilo 84 hivi. Turubai, kamba, jeki na gurudumu la akiba, kilo 106. Hivyo ndivyo mkeka na chungu vya pagazi. Zimebaki kilo 2,800, nayo ni magunia 56. Wachumaji 20 wakipanda juu ya magunia, kama tunavyoona kila msimu (na hatupendi kuona), zimeongezeka kilo elfu moja na zaidi, na breki za kuteremkia vilima vya Pemba ni zile zile.

Je, uzito wa kibao waweza kubadilishwa? Kuupunguza ni jambo jepesi, kwa kuwa gari halidaiwi nguvu mpya. Kuuongeza ni kazi nyingine. Hapana budi kila kiungo kiweze: ekseli, springi, breki, rimu, tairi na fremu, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotoa hukumu. Ukiongeza bamba moja la springi, gari litasimama wima zaidi, lakini breki haikupata nguvu yo yote. Kwa hiyo asiyekuwa na idhini ya mtengenezaji na cheti cha mkaguzi, huyo amebadilisha rangi ya kibao tu.

Tena uzito wote waweza kuwa halali, na ekseli moja ikazidi, kama magunia yamerundikwa nyuma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyotungwa mwaka 2013, ambayo Tanzania Bara ilianza kuifuata mwaka 2019, yaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na tani 56 kwa gari zima kubwa kabisa. Sababu si ukali wa wakubwa. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Marekani mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba madhara hupanda kuliko uzito wenyewe: ekseli ya tani 12 huiumiza barabara karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10.

Yafaa basi kila mwenye lori alipeleke mizanini kabla ya msimu, likiwa tupu, tangi limejaa, dereva na matingo wamo ndani, na ekseli ya mbele ipimwe mbali na ya nyuma. Hesabu hizo ziandikwe kwa rangi mlangoni upande wa dereva, pamoja na idadi ya magunia. Ikinyesha mvua magunia yakalowa, idadi hiyo ipunguzwe. Na wenye kuchukua karafuu mbichi wakumbuke kwamba gunia lake haliwezi kuhesabiwa kama la kavu: karafuu ikianikwa hupoteza kama theluthi mbili za uzito wake.