Miwani yako: kioo au plastiki?

Wengi wakishapimwa macho huchagua fremu nzuri, lakini hawaulizi lenzi ni za nini. Aina kubwa ni tatu.

1. Kioo. Hakikwaruziki upesi, na hilo lina faida kwetu Ngara na Biharamulo wakati wa vumbi la kiangazi. Lakini ni kizito, na kikipigwa huweza kupasuka vipande vya kutoboa jicho. Hakimfai mtoto, dereva wa pikipiki wala mponda kokoto.

2. Plastiki ya kawaida. Uzito wake ni karibu nusu ya kioo, na haivunjiki kirahisi. Yawatosha watu wazima wengi. Kasoro yake ni kukwaruzika.

3. Polikaboneti. Hii ni plastiki nyepesi, ngumu sana kuvunjika, na huzuia karibu miale yote ya jua inayodhuru macho. Ndiyo bora kwa mtoto na kwa mwenye jicho moja tu linaloona. Nayo hukwaruzika, hivyo uliza kama imepakwa tabaka gumu la kinga.

Matunzo: usifute vumbi kavu kwa kanzu wala ushungi, kwani mchanga ndio unaokwaruza. Suuza kwanza kwa maji, kisha futa kwa kitambaa laini. Ukivua wakati wa udhu, weka lenzi zikitazama juu.

Kipande kikiingia jichoni, usisugue wala usikichomoe. Funika jicho bila kulikandamiza, uwahi hospitali, Murgwanza au Biharamulo, siku hiyo hiyo. Miwani hununuliwa tena, jicho halinunuliwi.