Pointi za Meli za Kitalii: Zawadi ya Bure Inakugharimu Pesa Ngapi?

Laini ya simu inakupa pointi. Supermarket inakupa pointi. Kadi ya benki nayo pia. Lakini ukiulizwa pointi moja ni shilingi ngapi, utajibu nini? Wengi wetu hatujawahi kupiga hiyo hesabu.

Leo tunachukua somo kutoka kwa biashara moja inayojua sana kumrudisha mteja: meli za kitalii, zile hoteli zinazoelea ambazo msimu ukifika hutia nanga hata pale bandari ya Mombasa. Huenda huna mpango wa kupanda moja hivi karibuni, na hiyo ni sawa. Ukielewa pointi zao, utaelewa na zako.

Pointi zinahesabiwaje?

Tuangalie kampuni ya Royal Caribbean ya Marekani. Mpango wake wa wateja wa kudumu unaitwa Crown & Anchor Society. Kujiunga ni bure. Kila usiku unaolala melini unakupa pointi 1. Ukilala kwenye chumba cha kifahari unapata pointi 2 kwa usiku. Anayesafiri peke yake na kulipia chumba kizima huongezewa pointi 1.

Pointi hizo hazitumiki kununua kitu. Kazi yake ni kukupandisha ngazi:

- Gold: pointi 3
- Platinum: pointi 30
- Emerald: pointi 55
- Diamond: pointi 80
- Diamond Plus: pointi 175
- Pinnacle Club: pointi 700

Kadiri unavyopanda, ndivyo unavyopata vitu vizuri zaidi: punguzo kwa baadhi ya vyumba, intaneti ya siku kadhaa, vinywaji. Mteja wa Diamond hupewa vinywaji 4 kila siku bila kulipa.

Sasa angalia umbali kati ya ngazi. Safari ya kawaida ni ya usiku 7. Kufika Diamond kwa chumba cha kawaida kunataka safari 12 hivi. Kufika Pinnacle Club kunataka safari 100. Ngazi za chini ziko karibu karibu ili uonje utamu mapema. Za juu zimeachana sana, na hapo ndipo pesa nyingi hutumika.

Kwa nini kampuni inatoa zawadi?

Chumba kikibaki wazi meli ikiondoka, pesa ya chumba hicho imepotea na hairudi tena. Kwa hivyo mteja anayerudi kila mwaka ni dhahabu kwao, maana hawahitaji kutumia matangazo mengi kumshawishi. Tena akishapanda, atanunua vitu vingine humo ndani: vinywaji, masaji, matembezi ya bandarini, pengine na michezo ya kamari.

Jambo la pili ni kwamba zawadi inapimwa kwa mizani mbili. Wewe unaihesabu kwa bei ya menyu. Kampuni inaihesabu kwa gharama yake halisi, ambayo ni ndogo zaidi. Kikombe cha kahawa kinachouzwa dola 5 hakiwagharimu dola 5 kukitengeneza.

Na hawangoji ufike nyumbani ndio wakutafute. Ndani ya meli kuna dawati la kuuza safari inayofuata, ukiwa bado umeshiba na umefurahi.

Hebu tupige hesabu

Chukua mfano wa dada anayefanya kazi Houston na anayepanda meli kutoka Galveston, Texas. Ana pointi 73. Anaona zimebaki 7 tu afike Diamond, kwa hivyo anataka kulipia safari ya wiki moja ambayo hakuwa ameipanga. Tuseme itamgharimu dola 900. Tukihesabu dola moja kwa KSh 130, hiyo ni KSh 117,000.

Atapata nini? Tuseme kwa kawaida hununua vinywaji 2 kwa siku, kila kimoja dola 5. Kwa siku 7 ni dola 70. Ongeza intaneti ya siku moja, tuiweke dola 20. Jumla ni dola 90 kwa kila safari ya baadaye.

Gawanya 900 kwa 90. Atahitaji safari nyingine 10 ili zawadi irudishe ile pesa, na kila moja ya hizo 10 itabidi ailipie! Mbona hatukuhesabu vinywaji vyote 4? Kwa sababu viwili vya ziada hangevinunua kwa pesa yake. Punguzo la chumba chenye roshani nalo tumeliacha, kwa kuwa ili ulipate lazima kwanza ununue chumba cha bei ya juu.

Hatusemi asisafiri. Kama alikuwa anaitaka hiyo likizo na bajeti yake inaruhusu, aende, na Diamond iwe bonasi. Shida ni pale safari inaponunuliwa kwa sababu ya pointi 7.

Sheria zinaweza kubadilika

Kwa miaka mingi, Carnival ilikuwa ikihesabu siku ulizokaa baharini kupitia mpango wake wa VIFP Club. Mwaka 2025 ilitangaza mpango mpya, Carnival Rewards, wa kuanza 2026, ambao unaangalia pesa ulizotumia. Wateja wa zamani wengi hawakufurahia, na unaweza kuelewa kwa nini. Mtu aliyejaza siku zake kwa safari za bei nafuu anajipata anashindana na anayetumia pesa nyingi kwa safari chache.

Funzo ni hili: pointi si akiba. Akiba ni pesa yako. Pointi ni ahadi ya kampuni, na mwenye kuandika masharti ya ahadi hiyo ni kampuni.

Sasa rudi kwenye simu yako

Kila kampuni inayotoa pointi inataka urudi, na sisi pia tumo. Hakuna ubaya, mradi uwe unajua unachopata. Kabla ya kufuata pointi zozote, jiulize:

1. Pointi moja ni shilingi ngapi? Tuseme unapata pointi 1 kwa kila KSh 100, na pointi 100 zinakupa KSh 30. Umetumia KSh 10,000 kupata KSh 30. Hiyo ni asilimia 0.3.
2. Nalipa ada gani kuzipata? Ukikatakata malipo ya KSh 5,000 mara tano ili upate pointi nyingi, huenda ada ikawa kubwa kuliko zawadi. Angalia jedwali la ada kwanza.
3. Zinaisha lini? Soma masharti. Kama zina tarehe ya mwisho na kuna kitu unahitaji, zitumie mapema.
4. Ningenunua hiki kitu kama hakuna pointi? Kama jibu ni la, pesa ibaki kwa akaunti yako.

Mwisho, chunga pointi kama unavyochunga salio. Ukipigiwa simu ati umeshinda safari ya meli au pointi za bure, kisha uombwe PIN au utume “ada kidogo” kwanza, kata simu. Zawadi ya kweli haihitaji PIN yako.

Leo jioni fungua masharti ya mpango mmoja tu wa pointi unaoutumia, kisha upige hesabu ya swali la kwanza. Dakika tano zinatosha.