Kabla Hujapiga Msasa: Somo la Kuuza Samani za Zamani

Leo tunaongelea samani za zamani na mapambo ya kale ya nyumbani. Wengi mnaniuliza inboksi, "Kaka, hivi vitu vikuukuu unaviuzaje?" Nitaanza na hasara yangu mwenyewe, maana hasara hufundisha haraka.

Huku kwetu Isansa kahawa ndiyo inaendesha maisha. Kuna mzee mmoja, ujana wake alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, yule anayeandika kilo za kila mkulima. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, yeye akabaki na meza aliyokuwa anaandikia. Meza ndogo ya mninga, droo moja. Juu ina madoa ya wino wa bluu na alama nyeusi ya duara la birika. Upande wa kulia mbao imelika kidogo, pale alipokuwa anaegemeza mkono.

Alipoamua kuiuza nikampa 25,000 taslimu, tukakubaliana ikiuzika namwongezea 10,000. Nikapiga picha moja, nikaposti. Dada mmoja wa Mbeya akasema anaichukua kwa 120,000, atakuja wiki ijayo. Mimi nikajiona mjanja. Nikasema kwa hela hiyo lazima aikute mpya. Nikaipeleka kwa fundi, ikapigwa msasa wa mashine, vanishi mara tatu, na kishikio kipya cha kung'aa. Gharama 18,000.

Dada alipofika akaizunguka, akauliza, "Ile ya kwenye picha iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hii. Akanipa bei ya 40,000. Hakuwa na ubaya, akaniambia tu kwamba meza mpya ya mninga anachongewa hata Mbeya, alichofuata huku ni ule wino. Nikakataa, akaondoka.

Siku mbili baadaye mzee akaja kuulizia 10,000 yake. Akapitisha mkono juu ya meza, akasema, "Wino wangu mmeupeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nikampa hela yake. Mpaka hapo nimetoa 53,000 na meza iko dukani kwangu mpaka leo, nafungia mizigo juu yake.

Somo lenyewe ndiyo hilo. Mteja wa vitu vya zamani analipia alama za watu waliokitumia kile kitu. Ukizifuta, umebaki unauza mbao. Sasa twende taratibu.

1. JUA UNAUZA NINI

Watu wanachanganya maneno matatu. Kwenye forodha za kimataifa, kitu kinahesabiwa cha kale kikizidi miaka 100. Meza ya yule karani ni ya zamani tu, haijafika huko. Halafu kuna kitu kipya kilichotengenezwa kwa mtindo wa kale.

Chukua mfano wa sanduku la Zanzibar, lile lenye misumari ya shaba na droo chini. Masanduku mengi ya aina hiyo yalitengenezwa India, sehemu kama Bombay na Surat, yakaja kwa majahazi. Na mpaka leo mafundi wa Mji Mkongwe wanatengeneza mapya mazuri kabisa. Yote yanauzika. Kosa ni kuliita jipya la kale. Mteja akija kugundua, hapotei peke yake, anaondoka na marafiki zake wote. Kama huna uhakika wa umri, andika "la zamani" na ueleze ulilipata kwa nani.

2. KISOME KITU CHENYEWE

Pindua, vuta droo, angalia nyuma na chini. Mtu anayetaka kudanganya hutengeneza mbele tu.

• Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye kitu kinachosemwa cha mwaka 1900, basi kilirekebishwa au ni uongo.
• Ukiona chipbodi au MDF nyuma ya kabati, usiliite la kale.
• Mbao ikikauka miaka mingi hupungua upana, lakini urefu haupungui sana. Meza ya duara ya mbao nzima ipime kwa futi, mara moja kufuata nyuzi za mbao, mara ya pili kuzikata. Ya zamani mara nyingi hailingani.
• Kulika lazima kuwe na sababu. Kiti hulika pale miguu inapokanyaga na mikono inapopumzika. Kikiwa kimechakaa sawasawa kila kona, jiulize.
• Nusa. Harufu ya rangi ya viatu kwenye mbao "ya miaka 80" ni dalili kwamba imezeeshwa juzi.

3. SAFISHA, USIFANYE KIPYA

Futa vumbi kwa brashi laini. Kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kilichokamuliwa kweli, na ukaushe hapo hapo. Usimwage maji. Mwisho paka nta ya nyuki kidogo sana, sugua kwa kitambaa kikavu.

Ukiona matundu madogo na unga mpya unadondoka, hao ni dumuzi. Kitenge kitu hicho mbali na vingine, pata dawa ya wadudu wa mbao, ingiza kwenye matundu kwa bomba la sindano, halafu weka karatasi nyeupe chini. Ukiona unga tena siku zinazofuata, rudia. Usimtumie mteja dumuzi, watakula na kabati lake jipya.

Mguu unaocheza gundisha, maana mtu atakalia. Lakini vishikio vya asili, kitasa cha asili na madoa ya kweli, acha. Na kabla fundi hajagusa chochote, muulize mteja kwanza. Mimi ningepiga simu moja tu, ningeokoa 18,000 na heshima yangu.

4. MWONYESHE KITAKAA WAPI

Wateja wengi wanakipenda kitu ila hawajui wakiweke wapi. Wasaidie. Kitu kimoja cha zamani kwenye sebule ya kisasa kinaonekana. Vikijaa kumi, sebule inakuwa stoo. Sanduku linakaa vizuri chini ya kitanda upande wa miguu, au katikati ya sofa kama meza. Pasi ya mkaa inapendeza juu ya rafu peke yake, ukuta wa nyuma ukiwa wa rangi moja. Redio ya zamani ya mbao ipe nafasi yake, usiirundikie maua ya plastiki.

Kwenye picha tumia mwanga wa dirishani asubuhi, zima flashi. Piga mbele, nyuma, chini, na kila kasoro kwa karibu. Weka futi ionekane, maana mtu wa Dodoma au Dar hawezi kuja kupima.

5. VITU AMBAVYO SIYO VYA KUPOSTI

Hapa naomba usome mara mbili. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940. Inagusa hata vitu vya baada ya 1863 vilivyotengenezwa kwa matumizi ya kijamii na kitamaduni, tofauti na vile vilivyochongwa kwa ajili ya kuuzia watalii. Kuviuza au kuvipeleka nje bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale ni kujitafutia kesi.

Kwa hiyo ukiletewa kigoda cha chifu, mkuki wa ukoo au kitu cha matambiko, usiposti. Muulize kwanza Afisa Utamaduni wa wilaya yako. Na sisi tuko mpakani hapa, Tunduma siyo mbali, mtu anaweza kukwambia "vusha tu." Usivushe.

Pili, pembe za ndovu. Viti vya enzi vya pwani, kama vya Lamu na Zanzibar, vingine vimepambwa kwa vipande vya pembe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hapa nchini kukutwa na pembe bila kibali ni kosa kubwa. Uzee wa kiti usikupe moyo. Ukiona kitu cheupe kimepachikwa na hujui ni nini, usinunue.

6. NUNUA KWA MWENYEWE, ULIZA HABARI ZAKE

Kijana akikuletea kiti cha bibi yake usiku, usinunue. Nenda nyumbani, msalimie bibi, muulize kama ameridhika kukitoa. Ukifika hapo uliza pia kilitoka wapi, nani alikitumia, kwa kazi gani. Andika kwenye daftari siku hiyo hiyo. Mwambie na bei unayotegemea kuuzia, mpe chake kwa haki. Anayeridhika leo ndiye atakayekuita kesho akiwa na kabati.

MFANO WA MAELEZO

Kama ningeirudisha siku ile nyuma, ningeandika hivi:

"Meza ya karani, mninga, droo moja. Ya zamani, ilitumika chama cha msingi cha kahawa Isansa kabla ya mwaka 1976. Ina madoa ya wino na alama ya birika, hatujayafuta. Mguu mmoja umegundishwa. Vipimo viko kwenye picha. Mwenyewe ametuuzia kwa ridhaa yake. Bei 120,000, usafiri kwa basi ni juu ya mteja."

Hakuna neno la uongo hapo, na kasoro zimetajwa kabla mteja hajaziona.

KAZI YA LEO: tafuta kitu kimoja cha zamani nyumbani kwenu. Siyo cha kuuza. Kipindue, kisome, halafu muulize mkubwa wa nyumba habari zake. Andika mistari mitano kwenye komenti hapo chini, nitazipitia moja moja jioni nikishafunga duka.