Kugeuza Lori la Kuchezea Kuwa Basi

Mdogo wangu alinipa lori lake la plastiki nimgeuzie liwe basi, mfano wa yale ayaonayo katika stendi ya Misuna, hapa Singida. Nililing'oa bodi la nyuma, nikaunda jingine kwa bati la kopo la mafuta, na magurudumu nikayafanya kwa vizibo vya soda. Alipoliona alilia, akasema, "Kaka, hili si basi, ni kibanda!" Alisema kweli, maana nilikisia kwa macho tu.

Basi nikaanza upya kwa hesabu. Upana wa lori ulikuwa sentimita 5. Basi la kweli lina upana wa kama mita 2.5, yaani sentimita 250. Gawanya 250 kwa 5, utapata 50. Kwa hiyo kila kipimo cha basi la kweli hakina budi kugawanywa kwa 50. Urefu wa mita 12 huwa sentimita 24; gurudumu la mita 1 huwa sentimita 2. Hapo nikaliona kosa langu: kizibo cha sentimita 3 ni gurudumu la mita 1 na nusu! Na mlango wangu wa sentimita 6 ulimfaa mtu wa mita 3.

Nikakata magurudumu mapya katika kandambili kuukuu, nikairefusha fremu ya chini kwa waya mnene. Kingo za bati nilizikunja, zisikate vidole, tena bodi lipate nguvu.

Sasa mdogo wangu hulivuta kwa kamba kutwa. Ndugu wanafunzi, shikeni rula kwanza, mkasi baadaye.