Mnyama Aliye Zaidi ya Mnyama: Mafunzo Niliyopata kwa Wachoraji Wetu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikienda kukaa na mafundi wa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay, Dar es Salaam, nikiwatazama wakichora na kuwauliza maswali. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu wanyama wao, na kuhusu roho zinazoishi ndani ya wanyama hao.

1. Anza na jicho

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo na mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari. Mara nyingi aliweka mnyama mmoja tu: chui, tembo, au ndege. Nyuma yake rangi moja, bila mbuga wala mlima wala kivuli. Mnyama wa namna hiyo hana pa kujificha, nawe mtazamaji huna pa kupeleka macho. Ukikaa naye kwa subira, ndiye anayeanza kukutazama. Fundi mmoja mzee aliniambia kwamba madoa ya chui yakikamilika kazi bado. Chui anakuwepo siku jicho lake linapowekwa. Tingatinga alifariki mwaka 1972, alipopigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka yake ya kuchora ilikuwa michache mno, na bado wanafunzi wake waliendelea kuliweka jicho lile.

2. Mashetani ni majirani

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji ndio waliompa shetani umbo tunalolijua leo, na wachoraji wakalichukua. Mwili wake umeungwaungwa: masikio makubwa ya mnyama, tumbo la mtu, miguu ya vidole viwili. George Lilanga (1934–2005), Mmakonde wa Masasi aliyefanya kazi katika kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa, aliwajaza mashetani katika picha zake, wakiwa katika shughuli zilezile za kwetu. Wanacheza ngoma, wanabeba watoto, wanakunywa pombe. Watu hucheka wakiziona, nami hucheka pia, kwa sababu Lilanga alitaka tucheke. Lakini kicheko hicho hakiondoi heshima. Shetani katika picha hizi ana njaa, ana wivu, ana hamu ya kushirikishwa, na asiposhirikishwa mtu huugua. Ndiyo maana mafundi wa Tingatinga nao huchora mganga akiwa kazini, mgonjwa mbele yake, mashetani wamejaa pembeni.

3. Maana iko kwa watu waliokua pamoja na mnyama

Siamini orodha zinazosema simba ni nguvu, tembo ni hekima, basi imeisha. Mchukue kakakuona. Akionekana kijijini, watu humwekea maji, nafaka na silaha, kisha wazee huusoma mwaka kwa kile alichokiendea: mvua, mavuno au vita. Aliyekua akisikia habari hizo akimkuta kakakuona pichani, swali la kwanza analouliza ni ameelekea wapi. Bundi vilevile. Juu ya paa la nyumba, usiku, ana habari asiyokuwa nayo akiwa juu ya mbuyu mchana, na mchoraji anayejua hilo huchagua paa makusudi.

4. Soko hupunguza roho

Mgeni anataka twiga na Mlima Kilimanjaro, fundi ana watoto wa kusomesha. Simlaumu. Nasikitika tu kwamba picha za mashetani zimebanwa pembeni, na vijana wengi wanajifunza twiga peke yake.

5. Nenda Kolo

Kolo iko katika eneo la michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna tembo, twiga na pofu kwa rangi nyekundu, pamoja na watu warefu wembamba, wa kale zaidi kuliko fundi yeyote ninayemjua. Kilichonigusa zaidi ni kwamba baadhi ya mapango yenye michoro hiyo bado yanatumika: watu hupanda kutambika, kuomba mvua na uponyaji. Kwao picha ile haijawahi kuwa ya makumbusho. Ningependa kila kijana anayeshika brashi Dar es Salaam apelekwe huko, atembezwe na mzee wa pale, na asikie kutoka kwake kwa nini watu hutambika mahali palipochorwa wanyama.