Darasa la Wiki: Kuchagua Kikao cha Kuacha Pombe

Katazo la pombe lilishuka kwa hatua: Al-Baqara 219, An-Nisaa 43, kisha Al-Maida 90. Ndugu aliyenaswa na waragi au chang'aa naye huhitaji hatua, na wenzake.

Ukitafuta kikao Busia au Tororo, pima matatu. Kwanza, siri: yasemwayo yabaki humo. Ukiogopa kujulikana Busia yako, vuka mpaka uende Busia ya pili. Pili, nauli ya kila wiki isikushinde. Tatu, dini: Alcoholics Anonymous, iliyoanza Marekani 1935, humwachia kila mtu kumtaja Mungu amjuavyo, Waislamu wa Baltimore walianzisha Millati Islami 1989.

Mnywaji wa kila siku aanze kwa daktari. Kuacha ghafla huweza kuleta degedege. Nasi tumsitiri ndugu yetu.